Maoni Yasiyo Maoni: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazozidi kuenea katika tafsiri zetu, neno "maoni" halina budi kuangaliwa upya. Hutumiwa kutaja maneno ambayo mwandishi wa programu huyaweka ndani ya msimbo kwa ajili ya binadamu atakayeusoma, na ambayo kompyuta huyapita bila kuyatekeleza. Desturi hii ni ya siku nyingi. Katika lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, herufi C katika safu ya kwanza ya kadi ilitosha kuonyesha kwamba kadi hiyo haina amri. Leo lugha ya Python hutumia alama #, na C++ hutumia mikwaju miwili, //.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Maoni ni mtazamo wa mtu juu ya jambo. Mwandishi aandikapo, mathalan, "umri hapa huhesabiwa kwa miaka kamili", hatoi maoni; anaeleza. Neno lifaalo ni "maelezo".

Kasoro ya pili ina madhara zaidi. Alama hizo hizo hutumika pia kuisimamisha amri kwa muda, hasa wakati wa kutafuta kosa. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo yote mawili, na watafsiri wetu wamelifuata. Katika mwongozo mmoja wa mafunzo niliopata kuupitia, mwanafunzi aliagizwa: "Ondoa maoni katika mstari wa 12." Ilikusudiwa aiondoe alama # tu, ili amri ianze kufanya kazi. Wanafunzi kadhaa waliufuta mstari mzima, na programu ikakataa kwenda. Wao walikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Kosa ni la mtafsiri.

Lugha yetu haina upungufu katika jambo hili, kwa kuwa tunayo kauli ya kutendua: ziba, zibua, tega, tegua, funika, funua. Napendekeza basi tuseme "kufunika mstari" na "kufunua mstari". Katika kihariri cha Visual Studio Code kwenye Windows, vitufe vya Ctrl na / vikibonyezwa pamoja huufunika mstari. Vikibonyezwa tena huufunua.

Huenda ikasemwa kwamba mstari uliofunikwa bado waonekana. Ni kweli, lakini umefunikwa kwa kompyuta, si kwa msomaji. Wahenga walisema, funika kombe mwanaharamu apite. Naye akishapita, kombe hufunuliwa, na kilichomo kingali kimo. "Kufunga" na "kufungua" yasingefaa, kwani yamekwisha kuzoewa kwa mafaili.

Walimu wa kompyuta wanaombwa kuyajaribu maneno haya darasani, na kutazama kama mwanafunzi aambiwapo "funua mstari wa 12" ataondoa alama peke yake.