Mshale wa Waata

Baada ya vita viwili vikuu vya dunia, mafundi wengi wa Ulaya na Marekani walizichukua bunduki za kijeshi zilizobaki bila kazi, hasa za aina ya Mauser na Lee-Enfield, wakazipunguza mbao, wakazifupisha mitutu na kuzifanya silaha za kuwindia kulungu. Ufundi huo wa kukigeuza chuma kilichokusudiwa kazi nyingine kiwe chombo cha mwindaji haukuwa mgeni katika nyika ya Malindi na Kilifi, ila huku mhunzi alianza na kitu duni zaidi, yaani msumari wa seremala, na windo lenyewe lilikuwa ndovu.

Waliosifika kwa uwindaji huo ni Waata, jamii inayosema lahaja ya Kioromo na ambayo Wagiriama huiita Walangulo, waliozagaa kuanzia bara ya Malindi, kando ya mto Sabaki, hadi Tsavo. Uta wao, yaani upinde, hukaribia kimo cha mtu, na kuuvuta hadi mwisho hudai nguvu inayopita ile ya kuinua mzigo wa kilo 45, kiasi ambacho mtu mzima asiyeuzoea tangu utotoni hubaki akitetemeka mikono huku upote, ambao ni kamba ya uta iliyosokotwa kwa kano za mnyama, umesogea shibiri moja tu.

Hata hivyo, akili ya fundi haikuishia kwenye uta, bali ilijificha zaidi katika mshale. Wano, yaani uti wa mshale, lilichongwa kwa mti mwepesi, likatiwa manyoya nyuma ili lisiyumbe, na mbele yake kikachomekwa kijiti chembamba kilichobeba chembe, ambacho ndicho kichwa cha chuma. Mshale ulipompata mnyama, wano liliweza kuchomoka na kuanguka, nacho kijiti kikabaki ndani ya nyama. Asiyejua, akikiona chembe hicho chembamba kilichofuliwa kwa msumari, hushangaa kwamba kitu hicho kiliweza kumwangusha ndovu, kumbe chuma hakikutumwa kuua. Kazi yake ilikuwa kupasua njia katika ngozi nene, na mzigo wa mauti ulikuwa umepakwa nyuma yake, juu ya kijiti, ukafungwa kwa ukanda wa ngozi laini ili usikauke wala usimdhuru mwenyewe. Ndiyo maana chuma cha kawaida kilitosha, na ndiyo maana nguvu nyingi kiasi kile zilihitajika katika uta, kwa kuwa mshale usiozama hadi penye sumu haukuwa na faida yoyote.

Sumu hiyo, ambayo Wagiriama huiita utsungu, hutokana na miti ya jamii ya Acokanthera iliyochemshwa hadi ikawa nzito na nyeusi mithili ya lami. Kiini chake ni uabaini, kemikali iliyotengwa na Mfaransa Arnaud mnamo 1888, nayo huvuruga mapigo ya moyo hadi moyo usimame. Mtengenezaji aliijaribu kwa namna inayostahili kusimuliwa: alijichoma kidogo kwa mwiba, akaiacha damu itiririke mkononi, kisha akaigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi, akitazama jinsi weusi unavyopanda kuelekea jerahani, na akaifuta kabla haujafika. Kasi ya weusi huo ndiyo iliyompa kipimo, na ni shida kuona ni maabara gani ingempa jibu la haraka zaidi.

Kila mwindaji alitia alama yake katika mishale, ili ndovu akianguka mbali, pengine mbele ya macho ya wengine, pasiwe na ubishi kuhusu mwenye pembe. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948, kazi iliyokuwa riziki ikageuka ujangili, na katika operesheni za 1956 na 1957 askari wa wanyama walijifunza kuzisoma alama hizo, hivyo mshale uliookotwa penye mzoga ukawa shahidi dhidi ya aliyeutengeneza. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudia kuwapa Waata uwindaji halali mashariki ya hifadhi, lakini mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa burudani na biashara, wa uta na wa bunduki sawia.