Kuteleza Polepole Ili Mwingine Aone

Kijana anayetaka kuwa mwalimu wa skii katika milima ya Alps huingia kozini akiwa tayari ni hodari. Ameshuka miteremko mikali tangu utotoni na hana hofu nayo. Siku za mwanzo mkufunzi humpeleka kwenye uwanja wa watoto, penye mwinamo mdogo mno, akamwambia ateleze kwa plau. Maana yake ncha za mbele za skii zikaribiane, mikia iachane, umbo liwe la herufi A, na mwendo uwe wa mtu anayetembea. Hapo hodari wengi hubabaika.

Kasi huficha mengi. Anayekwenda mbio hubebwa na mwendo wenyewe, hata kama nyonga zimebaki nyuma au bega limejipinda. Anayekwenda polepole hana pa kujificha: skii moja ikikandamizwa kuliko mwenzake, alama inabaki kwenye theluji na mtahini anaisoma. Mwanagenzi anatakiwa azungushe miguu huku kiwiliwili kimetulia, uzito uhamie taratibu kwenye skii ya nje ya kona, na kila tendo lionekane wazi kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga theluji. Jambo lililokwisha kuingia mwilini, ambalo analifanya bila kufikiri, inambidi alifumue, alitazame upya, kisha alifume tena mbele ya macho ya wengine. Katika mafunzo haya yote sioni kilicho kigumu zaidi, wala kinachostahili heshima zaidi.

Njia hii ina wazee wake. Hannes Schneider, mzaliwa wa kijiji cha Stuben nchini Austria, alichukuliwa na hoteli moja ya St. Anton mwaka 1907 kufundisha wageni, naye ana umri wa miaka 17 tu. Kwa miaka mingi akajenga mfumo wa hatua: plau, kisha kona ya plau, kisha kona inayoanza kwa kufungua skii moja na kumalizika zote mbili zikiwa sambamba. Aliwagawa wanafunzi kwa uwezo wao, si kwa fedha wala cheo. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria walimkamata. Mwaka uliofuata alihamia North Conway, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, na mafunzo yake yakaota mizizi huko pia. Wakufunzi wa leo wamebadilisha mengi, kwa kuwa hata skii zenyewe zimebadilika umbo, lakini anayeanza bado anaanza na plau.

Kila nchi ina ngazi zake za vyeti. Waingereza, kupitia chama chao cha BASI, wana ngazi nne, na ya kwanza haikamiliki kwa kozi peke yake. Mwanagenzi hutakiwa kutumia saa 35 katika shule ya skii akiandamana na walimu wazoefu, na lazima ajue huduma ya kwanza. Saa hizo ndizo zinazompika. Anaona kwamba mwalimu mzuri husimama upande wa chini wa darasa ili wote wamwone, na hukubali jua limpige yeye usoni ili lisiwapige wanafunzi. Anajifunza kwamba kabla ya kuvaa skii mgeni husimama kwa kuukata mteremko, hukung'uta theluji kwenye soli ya buti, kisha huanza na skii ya upande wa bonde. Haya ni mambo madogo, lakini asiyeyajua atapoteza nusu saa ya somo akikimbiza skii iliyomtoroka mtu.

Kisha kuna kazi ya jicho. Anayeanza akiogopa huegemea nyuma, kwa sababu mwili unataka kuukimbia mteremko. Akiegemea nyuma, ncha za skii zinakuwa nyepesi na hazimtii. Asipotiiwa anaogopa zaidi, naye anazidi kuegemea nyuma. Kumwambia tu aegemee mbele hakusaidii, maana mwoga hapokei amri ya namna hiyo. Mwalimu humpa kazi: sikia muundi wako ukigusa ulimi wa buti, shika magoti yako, imba mpaka kona iishe. Mkufunzi humfanyisha mwanagenzi zoezi hili tena na tena: mtazame mtu akipiga kona chache, kisha taja jambo moja. Mwanagenzi mchanga huona makosa kumi na hutaka kuyataja yote. Aliyeiva huona lile moja linaloyazaa mengine, ambalo huenda ni buti lililofungwa kwa ulegevu.

Anayepanda ngazi za juu hukutana na mitihani ya aina nyingine. Katika Eurotest anashindana na saa kwenye milango ya slalomu kubwa. Mwanamume anatakiwa asiuzidi muda wa kipimo kwa zaidi ya asilimia 18, mwanamke asilimia 24. Wapo wanaorudia miaka kadhaa. Mimi huona mtihani huo unapima mguu kuliko ualimu, ingawa naelewa kwa nini upo: anayeongoza watu milimani awe na akiba ya uwezo. Mtihani wa usalama naukubali bila swali lolote. Humo mwanagenzi hutafuta kifaa kilichofukiwa chini ya theluji, akifuata mawimbi ya redio ya kilohezi 457, kisha huchokoa kwa fimbo ndefu na kuchimba kwa sepetu. Aliyefukiwa na maporomoko ana dakika chache. Baada ya robo saa ya kwanza matumaini hupungua haraka.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza ataniuliza hili linamhusu nini. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za kuteremka kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Na wapo watoto wetu wengi wanaokulia Ulaya, ambako shule, hasa za Austria na Uswisi, huwapeleka mlimani majira ya baridi. Nawaomba wazazi wao jambo moja. Msimwachie rafiki mwenye mbio awafundishe watoto kwa hisani. Ulizeni kama kuna mwalimu mwenye cheti, na hata kama fedha ni za somo moja tu, lipieni somo la siku ya kwanza.