Nionyeshe Waliokataa

Majuzi nilikaa ukumbini, katika chuo ambacho sitakitaja, nikasikiliza tasnifu ikisifiwa kwa unene wake. Ilikuwa ya elimu. Msifiaji, mtu mwenye cheo, alisema kazi hiyo ina upeo mpana: imegusa saikolojia, takwimu na falsafa, majedwali yake yana rangi, marejeo yake yanachukua kurasa arobaini. Nakala ilipozungushwa nilifungua sura ya tatu, nikatafuta aya ninayoitafuta kila siku. Hojaji 384 zilitolewa kwa walimu wa wilaya nne. Hojaji 384 zilirudishwa. Zote zilikuwa zimejazwa kikamilifu. Ukumbi ukapiga makofi.

Sasa nawaandikia wale ambao kazi yao inawalazimu kupima utafiti wasiousomea. Mjumbe wa kamati ya uzamili hupewa wiki hii tasnifu ya tenzi, wiki ijayo ya ufundishaji wa hisabati, kisha ya semikondakta, kisha ya kifafa cha mimba. Hawezi kuzijua zote, na anayedai anazijua mwogopeni. Ndipo anaposhika vitu rahisi kuviona: idadi ya kurasa, jina la jarida, nyota zilizopangwa pembeni mwa majedwali. Hivyo vyote hununulika. Pa kutazama ni mahali pamoja tu, na hapabadiliki ukitoka fasihi kwenda fizikia: mtafiti amesema nini kuhusu alichokikosa, alichokitupa na aliyemkatalia?

Tuanze na hiyo 384. Ni namba ya mwisho kwenye jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ya idadi ya watu iliyo kubwa kupita zote jedwalini. Walimu wa wilaya nne hawafiki huko hata ukiwahesabu pamoja na wastaafu wao. Lakini hilo ni kosa dogo, la uvivu. Kosa kubwa ni kurudi kwa zote. Mtu aliyewahi kugawa hojaji kwa mikono yake mwenyewe anajua kinachotokea. Mwalimu mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine kahamishwa juzi na jina lake bado liko kwenye orodha ya afisa elimu. Mkuu wa shule amezipokea kwa tabasamu, akaziweka chini ya rejesta, na huko ziko mpaka leo. Kuna atakayekubaliana sana na kila kauli kutoka juu hadi chini, hata zile mbili zinazopingana. Kuna atakayejaza ukurasa wa kwanza kengele ikalia. Kuna atakayekuandikia, kwenye nafasi ya maoni, jambo ambalo huwezi kulinukuu mbele ya watahini. Zikirudi mia tatu umebahatika sana, na kati ya hizo ishirini utaziweka kando, na lazima useme kwa nini umeziweka kando.

Nilipata kuona mzigo wa hojaji uliofanyiwa kazi nyumba ya wageni. Mtafiti msaidizi alitumwa wilaya ya mbali, nauli akaila, akajifungia na kalamu za rangi mbili. Alikuwa hodari: alibadili mwandiko, alichanganya majibu, alikosea tahajia kwa makusudi. Kilichomponza ni ukarimu. Walimu wake wote wa kike walikuwa wametaja umri wao, hakuna hata mmoja aliyeruka. Msimamizi alikuwa amekwisha kuisifia data hiyo kuwa ni safi.

Kinyume chake alikuwepo mzee wetu mmoja, marehemu sasa, ambaye katika utetezi aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: “Nani alikukatalia?” Waliobabaika aliwaacha wenzake wawasulubu. Waliotaja shule, sababu, na namna walivyojaribu mara ya pili, aliwatazama upya. Nimeona mtahiniwa mwenye kiunzi cha nadharia kilichopinda akapita kwa swali hilo, na sikuona ubaya wowote.

Msidhani naomba miujiza. Edward Miguel na Michael Kremer walipochapisha mwaka 2004 utafiti wao wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, hawakutegemea rejesta za mahudhurio. Walituma watu shuleni bila taarifa, wakahesabu waliokuwepo siku hiyo. Walisema wazi pia kwamba wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupangiwa dawa, kwa hofu ya madhara kwa mimba. Baadaye wakatoa data yao, na mwaka 2015 wenzao walioirudia wakachapisha makosa waliyoyakuta, mengine ya kuhesabu shule zilizo jirani. Ubishi ulikuwa mkali na bado haujaisha. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzuri, kwa kuwa imewaachia wengine pa kuishikia na kuigombeza. Ile ya ukumbini haina pa kushika.

Katika tiba, mtazamaji wa kawaida hukimbilia kuuliza wagonjwa walikuwa wangapi. Mimi nauliza walifikaje. Makala ya Andrew Wakefield katika Lancet ya mwaka 1998, ile iliyozua hofu ya chanjo ya surua, ilikuwa na watoto 12. Uchache wao uliandikwa wazi na hakudanganywa mtu. Uongo ulikaa kwenye maneno machache ambayo msomaji huyapita: kwamba watoto hao waliletwa kliniki mfululizo, kwa njia ya kawaida. Ilikuja kugundulika kuwa walichaguliwa, baadhi wakiwa na uhusiano na mwanasheria aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Makala ilifutwa mwaka 2010, miaka 12 baadaye. Maneno machache!

Weka kando ya hiyo kazi ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala. Aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, na kama angeishia hapo tungemkumbuka kwa picha tu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakashuka kusini mpaka Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza kama uvimbe huo unaonekana hapo. Watu hukumbuka safari. Mimi nakumbuka zile hospitali zilizojibu haupo. Bila majibu hayo ramani isingekuwa na mpaka, na bila mpaka asingeona kwamba ugonjwa unakaa penye joto na mvua na unapotea kwenye nyanda za juu zenye baridi. Hapo ndipo malaria ilipoingia kwenye mazungumzo. Mwanafunzi wa leo angeandika kwamba hospitali hizo hazikuwa na data.

Sanaa na historia hujiona zimesamehewa mtihani huu kwa kuwa hazina hojaji. Hazijasamehewa. Mhariri wa utenzi aliyepata miswada mitatu akatuchapishia ubeti mmoja laini, bila kutuambia miswada miwili mingine inasemaje, ameutupa ushahidi kama yule wa nyumba ya wageni alivyowatupa walimu. J. W. T. Allen, aliyekusanya miswada mingi iliyohifadhiwa katika maktaba ya Dar es Salaam, alichapisha orodha yake mwaka 1970, na orodha kama hiyo, kavu isiyo na hoja, naithamini kuliko sura tano za uchambuzi zinazomnukuu mshairi bila kusema nakala ipi. Kwa masimulizi ni vivyo hivyo. Wanafunzi wa historia waliotumwa vijijini katika Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, mwaka 1968 na 1969, walirudi na wazee wanaopingana. Ukisoma historia simulizi ambayo wazee wake wote wanaafikiana, ujue kuna wazee hawakuulizwa.

Yapo na mengine, nayasema haraka, msiniombe ushahidi. Kichwa cha tasnifu chenye nukta mbili katikati kinaficha kwamba mwandishi hajaamua. Shukrani zinazozidi ukurasa mmoja ni dalili mbaya. Jedwali lililobandikwa kutoka programu ya takwimu ya SPSS likiwa na tarakimu tatu baada ya nukta, kwa wahojiwa ishirini na watano, halistahili kusomwa. Pengo la utafiti linaloelezwa kwamba “hakuna aliyewahi kufanya utafiti huu wilayani kwetu” si pengo. Na mahojiano yaliyofanywa kwa Kiswahili yakanukuliwa kwa Kiingereza kitupu, bila maneno ya msemaji hata kiambatishoni, mimi huyarudisha. Zamani, tasnifu zilipokuwa zikipigwa kwa taipureta, kila jedwali liligharimu mchana mzima, na mtu hakupiga jedwali asilolihitaji. Viambatisho vilikuwa na madaftari ya nyanjani yenye vumbi la kweli. Nitaambiwa ni uzee. Sawa.

Fizikia nimeiweka mwisho kwa sababu watu huidhania safi kuliko zote. Robert Millikan alipotangaza mwaka 1913 kipimo chake cha chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta, aliorodhesha matone 58 na kusisitiza kwamba hayo ndiyo yote aliyoyapima katika kipindi cha majaribio hayo, hakuna lililochaguliwa. Madaftari yake yalipokuja kufunguliwa, matone yalikuwa mengi zaidi, mengine yameandikiwa pembeni kwamba yanapendeza na yachapishwe. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1923 na kipimo chake kilikuwa karibu sana na ukweli. Wapo wanaosema basi yaishe. Mimi sentensi ile bado inanikera kuliko kipimo kinavyonifurahisha. Jan Hendrik Schön wa Bell Labs alikwenda mbali zaidi: mwaka 2002 wenzake waligundua kwamba michoro ya majaribio tofauti ilikuwa na mikwaruzo ileile, kelele ya mitambo iliyojirudia bila kubadilika. Maelfu walikuwa wametazama michoro hiyo. Walitazama mstari, hawakutazama mikwaruzo.

Halafu kuna kazi yetu wenyewe. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya uliopoa, na mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu, Denis Osborne, na makala yao ikatoka mwaka 1969 katika Physics Education. Watu husimulia kisa cha kijana na aiskrimu. Wachache wanakumbuka kwamba Osborne alieleza vipimo vyake mpaka ujazo wa bika, sentimita za ujazo 70 za maji, na kipande cha povu la plastiki kilichowekwa chini yake ndani ya friji ya nyumbani. Kwa sababu alieleza, watu wameweza kubishana naye kwa haki. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini kunatosha kuleta tofauti inayodhaniwa kuwa ni ajabu ya maji.

Na katika makala ile ya mwaka 1969 limo jambo ambalo silioni tena. Osborne alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba ni kweli, maji ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Osborne aliyachapisha maneno hayo ya fundi. Leo mpitiaji wa kwanza angeandika pembeni: ondoa, haihusiani na matokeo.