Chombo Kisichojua Kusema "Sijui"

Chombo cha kutambua lugha hupima mifuatano ya herufi, kisha huchagua lugha iliyo karibu zaidi katika orodha yake. Kwa Kiswahili sanifu chafaa. Lakini orodha ya NLLB-200, iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2022, ina Kiswahili, Kiganda na Kijaluo. Lugha za Kiteso, Kisamia na Kipadhola hazimo. Basi barua ya Kipadhola kutoka Tororo yaelekea kuitwa ya Kijaluo, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu; na ya Kisamia kutoka Busia, upande wowote wa mpaka, itapewa jina la jirani. Kasoro kubwa imo katika orodha. Mwalimu asiihukumu insha ya mwanafunzi kwa chombo hiki kabla ya kuuliza ni lugha zipi zilizoachwa nje.