Gregg Allman: Je, aimbaye tungo za wengine si mtunzi?

Kuna lalama moja dhidi ya Gregg Allman ambayo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa wapenzi wa bluzi na roki, wakiwemo wenzangu kadhaa chuoni. Wanakiri kwamba sauti alikuwa nayo, tena sauti ya kutia baridi mwilini, ila katika kazi alizozitoa peke yake, nje ya bendi, alitunga kidogo mno. Ushahidi wao ni albamu yake ya kwanza ya kujitegemea, Laid Back, ya mwaka 1973. Ina nyimbo nane tu. Nne ni za watu wengine. Katika nne zilizobaki, mbili, yaani Midnight Rider na Please Call Home, zilikuwa tayari katika albamu ya Idlewild South ambayo bendi yake iliitoa mwaka 1970. Kwa hivyo nyimbo mpya za mkono wake ni mbili. Eti huyo naye ni mtunzi!

Mizani hiyo siikubali. Inachukulia kwamba utunzi huishia karatasini, na kwamba anayeimba ni kama tarishi wa kupeleka barua. Sisi wasomi wa ushairi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, na hakuna mpenzi wa taarab ya Mombasa anayedai kwamba nyimbo zile si za Bhalo. Swali la maana ni hili: mwimbaji ameyafanya nini maneno aliyopewa?

Muktadha kwanza. Allman alizaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1947. Mwaka 1969 yeye na kakaye Duane, pamoja na wenzao, waliunda The Allman Brothers Band, bendi iliyochanganya bluzi, roki na jazi, na iliyokuwa na mpiga ngoma mweusi, Jaimoe, katika Kusini ya Marekani ya siku zile. Oktoba 1971 Duane alifariki katika ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata mpiga besi Berry Oakley akafa vivyo hivyo katika mji huohuo. Laid Back ilirekodiwa kabla matanga hayo hayajaanuliwa, tena wakati bendi yenyewe ikitengeneza albamu ya Brothers and Sisters. Kijana wa miaka 25 alikuwa na kazi mbili studioni, moja ya kundi na nyingine ya nafsi yake.

Jina la albamu lilitokana na lugha ya studioni: kulegeza kasi ya wimbo. Vijana wetu wangesema ‘kupoa’. Hebu sasa zilinganishe Midnight Rider mbili. Maneno ni yaleyale: mtoro wa usiku, aliyebakiwa na dola moja ya fedha mfukoni, anaapa kwamba hatakamatwa. Katika ile ya 1970 ninasikia majigambo ya mtu aliye mbioni. Katika ile ya 1973, iliyopunguzwa kasi na kuzungushiwa tarumbeta nzito, ninamsikia mtu yuleyule akiwa amechoka kukimbia. Hakuna neno lililobadilika, lakini maana imehama. (Hata utunzi wa karatasini haukuwa wa mtu mmoja. Robert Kim Payne, mfanyakazi wa bendi, ndiye aliyemsaidia kuupata ubeti wa tatu, naye akatajwa miongoni mwa watunzi na kupewa sehemu ya mirabaha. Laiti wasanii wote wangekuwa waungwana kiasi hicho!)

Hata hivyo, kilele cha albamu hiyo ni These Days, utungo wa Jackson Browne, aliyeuandika akiwa bado tineja. Allman alimfahamu Browne tangu walipokuwa vijana Los Angeles. Katika mshororo wa mwisho, mzungumzaji wa Browne anaomba asikabiliwe na makosa yake, na sababu anayoitoa imejengwa kwa ukanushi: hajayasahau. Allman aliuondoa ukanushi huo, akaweka kauli yakinishi: anayatambua. Badiliko dogo, msomaji atasema. Mimi naona ni badiliko la sarufi linalogeuza wimbo mzima. Kutosahau ni shughuli ya kumbukumbu. Kunatazama nyuma, na jana, hata ikiuma, imeshapita. Kutambua ni kwa sasa hivi. Mtu anayeimba bado yumo ndani ya makosa yenyewe, na sote tunajua kwamba Allman wa 1973 alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya. Akaongeza na ombi la adabu mwanzoni mwa kauli, na hapo kijana mwenye busara ya mapema akageuka kuwa mtu mzima anayesihi. Browne mwenyewe, alipourekodi wimbo huo mwaka huohuo, alitambua kwamba mpangilio wake ulitokana na ule wa Allman. Mwenye wimbo alijifunza wimbo wake kutoka kwa aliyeuazima!

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Albamu aliyorekodi na mkewe wa wakati huo, Cher, mwaka 1977 ni ya kusahaulika, na I’m No Angel ya 1987 ilimrejesha redioni ingawa ngoma zake zina ubaridi wa mashine ambao sauti yake haikuuhitaji. Low Country Blues ya 2011, iliyosimamiwa na T Bone Burnett, ni jambo jingine. Hapo karibu kila wimbo ni wa wakongwe wa bluzi, na suala la mzungu wa Kusini kuimba huzuni ya Wamarekani weusi halikwepeki. Wengi wa wakongwe hao waliambulia patupu huku wengine wakitajirika kwa nyimbo zao. Allman hakulimaliza suala hilo; hakuna albamu inayoweza. Lakini sikiliza anavyouimba Devil Got My Woman, wimbo ambao Skip James aliurekodi mwaka 1931 kwa sauti nyembamba ya juu. Allman hamwigi. Anauteremsha hadi kwenye sauti yake nzito yenye mikwaruzo, na kwa kutoiga anamheshimu mwenyewe zaidi.

Kisha ikaja Southern Blood, iliyorekodiwa Muscle Shoals, Alabama, mwaka 2016, Allman akiugua saratani ya ini. Wimbo wa kwanza, My Only True Friend, aliutunga pamoja na mpiga gitaa wake Scott Sharrard. Sharrard aliuanza akimwaza Duane akizungumza na mdogo wake. Mdogo mtu akauchukua, na ile nafsi ya kwanza ikawa yake mwenyewe, mzee anayeaga. Hapa ‘mimi’ ni ya marehemu na ya mgonjwa kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu hakuna utungo wake uliofika mbali zaidi.

Albamu inafungwa kwa wimbo mwingine wa Browne, Song for Adam, unaomhusu rafiki aliyekufa angali kijana. Kwa Allman, Adam alikuwa Duane. Browne mwenyewe anasikika akimwitikia. Allman alipofika mwishoni alizidiwa na kilio, na mishororo miwili ya mwisho hakuiimba. Hakuishi kuirudia, alifariki Mei 2017, na albamu ikatoka Septemba mwaka huo. Prodyuza Don Was aliliacha pengo lilivyo: ala zinaendelea, maneno hayapo.