Umbo la Mzigo: Kuiga Mienendo ya Watumiaji Katika Kupima API

Jaribio la mzigo hupima jinsi API inavyohimili maombi mengi kabla watumiaji halisi hawajaifikia. Swali linalotangulia mara nyingi ni la idadi: maombi mangapi kwa sekunde? Lakini maombi 200 kwa sekunde yanayopishana kwa nafasi sawasawa na kuulizia rekodi ileile ni kazi nyepesi kwa seva. Maombi 200 hayohayo yakija kwa mafungu, kutoka kwa watu wanaotafuta vitu tofauti kwenye mitandao ya kasi tofauti, yanaweza kuiangusha. Mzigo una umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua kama matokeo ya jaribio yanaaminika.

Umbo lenyewe lina pande nne: jinsi watumiaji wanavyofika, jinsi kasi yao inavyopanda na kushuka kwa saa na siku, safari wanayoipita ndani ya huduma, na data wanayoigusa. Kila upande huigwa kwa njia yake.

Kuanza na logi

Chanzo bora cha umbo ni logi za seva zenyewe. Mfano unaojulikana sana ni wa tovuti ya Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa. Logi zake, zilizochambuliwa na Martin Arlitt na Tai Jin wa maabara za Hewlett-Packard, zilianza tarehe 30 Aprili hadi 26 Julai 1998, jumla ya siku 88, na zilirekodi maombi bilioni 1.35. Ilikuwa tovuti ya kurasa na picha, si API, lakini funzo lake ni lilelile.

Ukigawa maombi hayo kwa sekunde zote za siku 88 unapata wastani wa takriban 178 kwa sekunde. Wastani huo hauelezi saa yoyote muhimu. Mashindano yenyewe yalianza 10 Juni na kumalizika 12 Julai, na watu waliifuata tovuti kwa ratiba ya mechi. Anayejaribu mfumo kwa maombi 178 kwa sekunde anajaribu siku ambayo haikuwahi kuwapo. Kwa hiyo logi husomwa kwa vipande vifupi: idadi ya maombi kwa kila sekunde katika saa yenye shughuli nyingi, mgawanyo wa maombi kati ya njia mbalimbali za API, na urefu wa mapumziko kati ya ombi moja la mtumiaji na lifuatalo.

Logi pia zina mipaka. Zile za 1998 ziliandika muda kwa sekunde nzima, hivyo hazionyeshi maombi yalivyopangana ndani ya sekunde moja. Anayezirudia kama zilivyo hulazimika kuyatawanya mwenyewe, na namna anavyoyatawanya hubadilisha matokeo.

Watumiaji hawaisubiri seva

Hapa ndipo majaribio mengi hupotoka. Kuna mifumo miwili ya kuzalisha mzigo. Katika mfumo funge, watumiaji bandia ni wa idadi maalumu. Kila mmoja hutuma ombi, husubiri jibu, hupumzika kidogo, kisha hutuma jingine. Katika mfumo wazi, maombi mapya huanza kwa kasi iliyopangwa, yaliyotangulia yawe yamejibiwa au la. Mwaka 2006 Bianca Schroeder, Adam Wierman na Mor Harchol-Balter walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mifumo hii miwili huweza kutoa picha tofauti kabisa za seva ileile.

Tofauti huonekana seva inapolemewa. Katika mfumo funge, seva ikichelewa, watumiaji bandia nao huchelewa kutuma, na mzigo hupungua wenyewe wakati ambapo ungepaswa kuendelea. Abiria wa kituo cha daladala hawafanyi hivyo: basi likichelewa, watu wanazidi kufika na foleni inarefuka. Huduma ya umma inayofunguliwa na yeyote mwenye simu hupokea watu kwa namna hiyo ya kituo.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa kosa. Tuseme jaribio la dakika moja linatuma ombi kila baada ya milisekunde 10, na seva hujibu kwa milisekunde 2. Baada ya sekunde 50 seva inaganda kwa sekunde 10, kisha inazinduka na kuhudumia foleni yote mara moja. Mtumiaji bandia mmoja wa mfumo funge atakuwa na matokeo 5,001: maombi 5,000 ya milisekunde 2 na moja la sekunde 10. Wastani wake ni milisekunde 4, na persentaili ya 99, yaani muda ambao asilimia 99 ya maombi hayakuupita, ni milisekunde 2. Ripoti inasema huduma ni nzima.

Katika mfumo wazi, maombi mengine 1,000 yangefika wakati seva imeganda, la kwanza likisubiri sekunde 10 na la mwisho karibu sifuri. Matokeo yanakuwa 6,000, wastani takriban milisekunde 835, na persentaili ya 99 inapita sekunde 9. Gil Tene aliitangaza kasoro hii kwa wapimaji wengi, na programu ya wrk2 aliyoitengeneza hutuma maombi kwa kasi isiyobadilika na kupima kila ombi tangu wakati lilipopaswa kuondoka.

Programu nyingine zinampa mpimaji uchaguzi. Katika JMeter, makundi ya kawaida ya nyuzi hufuata mfumo funge. Gatling na k6 zina mifumo yote miwili. Mfumo funge una mahali pake halali: wafanyakazi 40 wa kituo cha simu wanaotumia API ya ndani hawawezi kuwa 400 kwa sababu tu seva imechelewa. Lazima mpimaji ajue wateja wake ni wa aina gani kabla ya kuchagua.

Kufika kwa nasibu

Hata kwa mfumo wazi, ombi moja kila baada ya milisekunde 5 si sawa na watu 200 kwa sekunde. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasiotegemeana hufuata mgawanyo wa Poisson. Watumiaji wa API wasiopangana hukaribia tabia hiyo.

Kwa wastani wa 200 kwa sekunde, mgawanyo huo una mtawanyiko wa takriban 14. Maana yake ni kwamba katika sekunde moja kati ya 40 hivi, maombi hupita 228, bila tukio lolote la pekee. Kuiga hali hiyo si vigumu: programu huchagua namba ya nasibu kati ya sifuri na moja, huchukua logariti asilia yake, huibadili alama kuwa chanya na kuigawa kwa 200. Jibu ni nafasi, kwa sekunde, hadi ombi lifuatalo.

Kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961 huunganisha kasi na idadi ya walio ndani: idadi hiyo ni sawa na kasi ya kufika ikizidishwa kwa muda wa kukaa. Maombi 200 kwa sekunde yakijibiwa kwa sekunde 0.25 yanamaanisha maombi 50 yaliyo wazi kwa wakati mmoja. Muda ukipanda hadi sekunde 3, yaliyo wazi yanakuwa 600. Kama API ina miunganisho 100 tu ya hifadhidata, foleni huanza hapo. Kanuni hiyohiyo humwambia mpimaji aandae watumiaji bandia wangapi, na ahesabu kwa muda mbaya zaidi, si ule wa kawaida.

Maumbo ya muda

Kasi ya kufika hubadilika, na kila badiliko hufichua udhaifu wake.

Kiwango tulivu, kwa mfano nusu saa ya mzigo wa kawaida, hutoa kipimo cha kulinganishia mengine yote. Dakika za mwanzo hutengwa, kwa kuwa kashe bado ni tupu.

Ngazi hupandisha kasi kidogo kidogo na kusimama dakika kadhaa kila hatua. Hutafuta mahali muda wa majibu unapoanza kupaa. Katika foleni rahisi ya seva moja, yenye ufikaji na huduma za nasibu, ombi linalohitaji milisekunde 10 za kazi huchukua 20 seva ikitumika kwa asilimia 50, 50 ikitumika kwa asilimia 80, na 200 ikifika asilimia 95. Kutoka 80 hadi 95 ni hatua fupi, lakini muda unazidishwa mara nne. Ngazi zikiwa ndefu mno, sehemu hiyo hurukwa bila kuonekana.

Mruko ni ongezeko la ghafla: Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, watahiniwa, wazazi na walimu huyatafuta kwa pamoja. Mfumo unaoongeza seva wenyewe huweza kuhitaji dakika kadhaa kuziwasha, ilhali mruko huchukua sekunde. Jaribio basi hutoka kiwango cha chini hadi cha juu kwa sekunde chache, husimama, hushuka, kisha huendelea kupima hadi muda wa majibu urudi ulipokuwa. Kimo cha mruko nacho kikadiriwe kwa ukarimu. Pokémon GO ilipotoka Julai 2016, makadirio mabaya zaidi yalikuwa mara 5 ya lengo. Mzigo halisi ulifika mara 50.

Mzigo wa muda mrefu, wa saa nane hadi siku nzima, hufichua memori inayovuja, miunganisho isiyofungwa, diski inayojaa logi na tokeni zinazokwisha muda. Ukifuata mzunguko wa siku, wenye usiku mtulivu na jioni yenye shughuli, hujaribu pia kazi za usiku kama nakala za akiba zinapogongana na watumiaji.

Safari na data

Watumiaji hawaiti njia zote za API kwa usawa. Katika huduma ya tiketi za basi, wengi hutafuta safari na kuondoka, wachache huchagua kiti, na wachache zaidi hulipa. Kutafuta husoma tu, lakini kuchagua kiti hufunga rekodi kwenye hifadhidata. Uwiano ukikosewa, sehemu iliyo dhaifu haiguswi. Safari huandikwa kama hatua zenye uwezekano wa kuendelea au kuacha unaotoka kwenye logi, na mapumziko yenye urefu unaotofautiana kati yao.

HealthCare.gov ya Marekani, iliyofunguliwa 1 Oktoba 2013, inaonyesha uzito wa jambo hili. Uwezo wa kuangalia mipango ya bima bila kujisajili uliahirishwa, hivyo hata aliyetaka kulinganisha bei tu alilazimika kufungua akaunti kwanza. Hatua nzito kuliko nyingi ikawa mlango wa wote. Siku ya kwanza watu 6 tu walikamilisha kujiandikisha.

Data nayo iwe na sura halisi. Jaribio linaloulizia kiti kilekile hujibiwa na kashe, na muda wa majibu unapendeza bila haki. Linalochagua kwa usawa kati ya safari zote hukosea upande wa pili, kwa sababu safari chache huulizwa na wengi na nyingi huulizwa na wachache. Mgawanyo wa Zipf, ambamo kitu cha pili huulizwa takriban nusu ya cha kwanza na cha tatu theluthi yake, mara nyingi hukaribia hali hiyo.

Trafiki nyingine haitoki kwa watumiaji moja kwa moja. Biashara ya Kenya inayopokea malipo kupitia Daraja, API ya Safaricom, hutuma ombi la malipo, mteja huingiza namba ya siri kwenye simu yake, kisha matokeo hutumwa kwenye anwani ya biashara. Kuiga malipo bila kuiga marejesho hayo, yenye ucheleweshaji unaotegemea mteja, ni kupima nusu ya kazi.

Maombi yaliyoshindwa nayo hurudiwa. Programu ya simu ikirudia ombi lililoshindwa mara tatu, maombi 200 kwa sekunde huweza kuwa 800 seva inaposhindwa kujibu hata moja. Mtumiaji bandia afuate kanuni hiyohiyo ya kurudia iliyomo kwenye programu halisi, pamoja na muda wa kusubiri unaorefuka na kuchanganywa na nasibu kama upo.

Kuhakiki jaribio lenyewe

Mashine inayozalisha mzigo inaweza kuchoka kabla ya seva. Katika Linux, kwa mipangilio ya kawaida, kuna takriban milango 28,000 ya kutokea kuelekea anwani moja, na mlango uliofungwa husubiri sekunde 60. Mashine moja inayofungua muunganisho mpya kwa kila ombi hufika ukomo karibu na miunganisho 470 kwa sekunde. Katika k6, hesabu ya mizunguko iliyoachwa huonyesha kwamba kasi iliyopangwa haikufikiwa. Ikipita sifuri, sababu yake ijulikane kwanza ndipo matokeo yasomwe.

Mwisho, logi za jaribio huwekwa kando ya logi halisi na kulinganishwa kwa vipimo vilevile: maombi kwa kila sekunde na mtawanyiko wake, uwiano wa njia za API, kiwango cha kashe kujibu, na idadi ya miunganisho mipya. Vikikaribiana, umbo limeigwa, na muda wa majibu uliopimwa unaweza kutumika kupanga uwezo wa mfumo. Visipokaribiana, hurekebishwa jaribio kwanza, kabla ya kuigusa seva. Ulinganisho huo hurudiwa kila huduma inapopata njia mpya au kundi jipya la watumiaji, kwa kuwa umbo la mzigo hubadilika pamoja nao.