Yasmin Amefika Katesh!

Jamani, nimeiona! Hatimaye nimeitazama Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji na hadi sasa moyo unanienda mbio. Wapenzi wa filamu wa Katesh, Mbulu, Haydom na Dongobesh, mlichopanga kutazama wikiendi hii kiwekeni kando.

Filamu za mapenzi tumezoea kuletewa kutoka mbali. Mwaka 2002 Jennifer Lopez, binti wa familia ya Puerto Rico, alicheza mfanyakazi wa hoteli anayependwa na mwanasiasa tajiri katika Maid in Manhattan. Wahakiki wengi waliiponda, watazamaji wakajaa kumbini. Mimi nilikuwa upande wa watazamaji, maana binti wa jamii iliyozoea kupewa nafasi za pembeni ndiye aliyebeba hadithi nzima.

Sasa tunaye wa kwetu! Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja, miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Ameozwa mume mtu mzima asiyempenda. Anatoroka, anavuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa shoga yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana anayesakwa na serikali kwa siasa zake za ukombozi. Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa macho kuliko kwa maneno. Anaanza akiwa ameinamisha uso. Kadiri filamu inavyokwenda, uso unainuka, na wewe unajikuta unainuka naye kitini! Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge mtulivu, mwenye moto ndani. Na Siti Amina, anayemcheza Mwajuma! Kila anapotokea, nyumba inachangamka, kicheko kinapata pa kukaa katikati ya hofu. Picha zenyewe, na vile vichochoro vyenye mwanga hafifu, ungetamani zisiondoke.

Wenye macho makali waliiona mapema. Septemba 2021 ilichaguliwa katika tamasha la Toronto, filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kufika pale. Mwaka uliofuata nchi ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya pili tu, baada ya filamu ya Maangamizi ya 2001. Sifa hizo ni halali yake. Ninalolilalamikia ni moja: dakika 92 ni chache mno kwa riwaya nene ya Adam Shafi iliyozaa filamu hii. Ningekaa saa tatu bila kuchoka.

Lakini sikilizeni, filamu hii ya pwani inatuhusu sisi wa chini ya Mlima Hanang kuliko inavyodhaniwa. Huku Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye ya Kiniloti, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na majirani Wabantu tunakutana mnada mmoja. Vijana wanapendana mnadani hapohapo, halafu nyumbani wanaulizwa: huyo ni wa ukoo gani? Yasmin anapovuka kwenda Ng'ambo, anavuka kwa niaba ya wengi wa hapa.

Walimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na sita, riwaya hii mmeifundisha kwa miaka. Tafuteni projekta na spika nzuri, mkawaonyeshe wanafunzi. Na ninyi vijana wenye kamera za simu, anzeni kuandika: tunataka filamu ya mapenzi, tena ya kuchekesha, ambamo msichana wa Kidatoga kutoka Basotu ndiye anayechagua.